Kidonda Nilichokitandikia Nyasi

Mke wa mchungaji aliniambia, "Bibi Paulina, andika habari ya mguu wako, wanawake wasome." Nikamjibu kwamba shule yangu ni darasa la ubatizo tu, na Kiswahili nilikikuta ukubwani, kwetu tunasema Kihaya. Akasema, "Andika hivyo hivyo unavyosema." Basi nasema. Ukikuta neno limepinda, lipite, ufuate habari.

Naandika kwa ajili ya mtu mmoja. Ni yule mwenye kidonda ambaye asubuhi ya leo amekifunika kwa nguo ili watu wasikione. Wewe unajijua. Kaa chini.

Kwetu ni Kaagya, katikati ya migomba. Mwaka ule ulikuwa mzito tangu mwanzo. Mjukuu wangu Adelina alikuwa ameposwa na watu wa Kamachumu, na wakwe walitaka kuja kwetu kukubaliana siku ya arusi. Mvua za masika hazikutaka kukoma. Mwanangu Yonathani, baba yake Adelina, alikuwa amerudi kutoka vita vya Wazungu na koti zito la jeshi na ukimya mwingi, na mke wake Yustina ndiye aliyekuwa akishika kibanja chote, shamba letu la migomba na kahawa, mimi nikiwa msimamizi. Msimamizi mkali. Sijifichi.

Siku nne kabla ya wageni, mchana, ikaja tufani. Upepo uling'oa migomba na mizizi yake, kisha mvua ya mawe, kisha maji yakashuka kutoka mlimani kama ng'ombe waliofunguliwa zizini. Zamani yangepita nyuma ya nyumba, maana marehemu mume wangu alichimba mfereji pale. Lakini mfereji ule niliufukia mimi mwenyewe, miaka miwili baada ya kumzika, nikapanda juu yake mikahawa minne. Nilisema ardhi haikai bure. Maji hayakuikuta njia yao, yakapita ndani ya nyumba.

Nyumba yangu ni msonge, na kwetu sakafu ya msonge hutandikwa nyasi. Mgeni hukalia nyasi, mtoto hulala juu ya nyasi, na mwanamke hujulikana kwa nyasi zake, kama ni mpya zinanukia au ni kuukuu zina viroboto. Maji yalipotoka yaliacha nyasi na matope vimeshikana kama ugali. Ndani yake mlikuwa na vikapu, mawe ya mafiga, kuku watatu waliokufa, na Biblia yangu.

Tulianza kusafisha jioni ile ile. Yustina alikwangua kwa jembe, Adelina alibeba kwa ungo, Yonathani alizibua mlango wa nyuma. Mimi niliingia matopeni hadi nusu ya muundi, nikatafuta vitu kwa mikono. Hapo ndipo kigae cha mtungi wa pombe kiliponikata chini ya goti la kushoto. Hakikuwa kitu kikubwa. Damu ilitoka, nikaipaka majivu, nikafunga kwa jani la mgomba, nikaendelea. Nani angeacha kazi kwa mkwaruzo?

Siku ya pili tulitoa matope. Ya tatu tukaanika kila kitu juani, jua lenyewe la kuombaomba. Biblia niliifungua ukurasa mmoja mmoja kwa kijiti. Sakafu ilikuwa bado laini, ukikanyaga inaacha alama ya kidole. Yustina akaniambia kwa sauti yake ndogo, "Mama, udongo huu unataka wiki mbili ukiwa wazi. Tuwatumie wakwe neno, waahirishe."

"Wakwe waje Kaagya waambiwe hatuna pa kuwakalisha?"

"Waambiwe mvua imetuharibia. Hata kwao imenyesha."

"Yustina, nenda ukate nyasi."

Akaenda. Tulitandika nyasi mpya, nene, mara mbili ya kawaida, juu ya udongo mbichi. Ukisimama mlangoni ilikuwa nyumba nzuri kuliko zote Kaagya. Nilijisifu moyoni. Hilo ndilo kosa langu, na nimelieleza mapema ili usije ukafikiri ni la mtu mwingine.

Wageni walikuja, wazee wanne na shangazi wa bwana arusi, jina lake Keziya, mwanamke mnene mwenye macho ya kuku, haachi punje. Desturi yetu mwanamke husalimu kwa kupiga magoti. Nikapiga magoti mbele ya kila mzee, mmoja mmoja, "Karibuni, waitu," ndilo neno letu la heshima, na kila mara lile jeraha lilikaa juu ya nyasi, na maji ya chini yakapanda hadi kwenye jeraha. Nikawapa kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo. Mambo yakaenda vizuri. Kisha Keziya akainuka kwenda nje, na nyuma yake nguo ilikuwa na duara jeusi la maji, kubwa kama ungo.

Akajishika. Akanitazama.

"Mama Yonathani," akasema, "nyasi zako zina ukarimu. Zimenikaribisha mpaka ndani ya nguo."

"Ni umande," nikasema. "Tulizikata zikiwa na umande."

"Umande wa saa nane mchana? Bojo, jamani, Kaagya mna jua la namna gani?"

Wazee wakaangalia kahawa zao. Yonathani akakohoa. Siku ya arusi ikakubaliwa, itakuwa kiangazi, baada ya kahawa. Nikalala usingizi mzuri.

Baada ya wiki mbili mkwaruzo ulikuwa tundu. Ukingo wake ulikuwa mgumu, katikati pakiwa na rangi ya kijivu. Tunakiita donda ndugu, kwa sababu kikikupata hakitaki kutengana nawe. Nilikiosha peke yangu nyuma ya nyumba, nikakifunika kwa jani, juu ya jani kitambaa, juu ya kitambaa nguo ndefu. Chini ya goti mguu ulivimba, juu yake ukakonda. Vikuku vyangu vya waya, nilivyovaa tangu usichana, vilizama kwenye nyama ya kifundo. Niliacha kwenda kanisani nikisema ninalinda kahawa. Sakafu nayo, chini ya nyasi zake nzuri, ilianza kuota ukungu. Yustina alijua yote mawili. Nilimkataza kusema.

Keziya alirudi kahawa ilipoanza kuwa nyekundu, kuleta zawadi za Adelina. Alikaa, akanusa. Akanusa tena.

"Mama Yonathani, nyasi hazinuki hivi."

"Zimekaa siku nyingi."

"Mimi nimelea wazee watatu mpaka kaburini. Najua nyasi na najua nyama." Akasogea kwa magoti, mtu mzima na uzito wake, akashika pindo la nguo yangu. "Fungua."

"Keziya, wewe ni mkwe. Niheshimu."

"Nitakuheshimu ukiwa na miguu miwili. Fungua."

Nikafungua. Adelina alikuwa mlangoni na mtungi wa maji, akauweka chini polepole, akatoka nje kulia. Keziya hakulia, wala hakunicheka. Akafunika nguo, akasema, "Kesho. Usipokwenda mwenyewe, nitakaa hapa hapa mpaka nikupeleke. Na ninakula sana." Huyo ndiye mwanamke niliyekuwa nimemsema kwa majirani mwezi mzima.

Dispensari ilikuwa mwendo wa asubuhi nzima kwa mguu wangu ule. Vijana wa jirani walitaka kunibeba kwa machela, nikakataa. Wanaobebwa nimewaona, wengi hawarudi na machela. Nilikwenda na fimbo, Yustina nyuma yangu. Kila Jumatatu na kila Alhamisi.

Nikueleze baraza la dispensari, usije ukaliogopa. Ni benchi refu lililong'aa kwa makalio ya watu. Mnakaa kwa kufuatana, akiitwa wa kwanza wote mnasogea, kwa hiyo unafika mlangoni bila kutembea. Pale hakuna bibi wala mke wa mtu. Kila mtu ni mguu wake. "Wako una muda gani?" "Tangu masika." "Wangu tangu masika ya mwaka jana." "Basi umenishinda." Tulicheka, nakwambia. Mzee mmoja alileta ndizi za kuchoma, akagawa benchi zima, hata kwa mtoto aliyekuwa akitutukana. Miezi miwili nilikuwa nimeficha kitu ambacho watu ishirini walikuwa nacho.

Dresa, yule bwana wa kuosha na kufunga vidonda, alikuwa kijana mfupi asiyependa maneno. Naye neno lake la kwanza lilikuwa, "Fungua." Alilowesha kitambaa kwa dawa ya zambarau mpaka kikaachia chenyewe. Siku ya kwanza sikungoja, nilikivuta, na kikatoka na nyama. Usivute. Ngoja kilowe. Siku ile ile alikata vikuku vyangu kwa koleo, vikaanguka sakafuni kling, kling. Mguu ule haujawahi kuwa uchi hivyo tangu nikiwa msichana. Hapo ndipo nililia, mara moja, na nilimwambia Yustina ni moshi wa dawa.

Kahawa ikaiva yote. Ndiyo kazi kubwa ya mwaka, na mimi na Yustina siku mbili katika wiki tulikuwa barabarani. Yonathani akachuma peke yake. Kisha akafanya jambo ambalo mwanamume wa kwetu hafanyi, akachota maji kisimani. Wanawake walimcheka, "Huko vitani mlifundishwa kubeba mtungi?" Akawajibu, "Tulifundishwa kubeba majeruhi. Mtungi haupigi kelele." Nililisikia kwa watu, yeye hakunisimulia. Tangu arudi hakuwa amesema maneno mengi namna ile kwa siku moja.

Kidonda hakikufunga. Kiangazi kilipofika katikati, mwezi tuliosema wa arusi, dresa alikitazama muda mrefu, akaandika karatasi. "Hospitali ya mjini," akasema. Arusi ikasogezwa. Nikapanda lori la magunia ya kahawa pamoja na Yonathani na Yustina mpaka Bukoba, nimekaa juu ya magunia kama mtoto wa mfalme, mguu umenyooshwa mbele.

Daktari Mwingereza alikuwa mrefu, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Aligonga mfupa kwa kidole, akanusa, akamwita Yonathani. Nikasema, "Mguu ni wangu, sema na mimi." Akageuka, akavuta kiti, akakaa. Kwa hilo ninamsifu.

"Bibi, sumu ikifika gotini nitalazimika kukata pajani. Ni afadhali nikate sasa, chini ya goti."

Yonathani akasema, "Mama, kubali. Mguu si uhai. Nimeona watu wazima wakikatwa wakaishi."

"Nitapigaje magoti?"

"Mama, magoti?"

"Kwa wageni. Na kwa Mungu."

Daktari akasema, "Mungu anawasikia hata waliolala."

"Anawasikia," nikasema, "lakini mimi sijazoea kusema naye nikiwa nimelala. Nipe siku."

Akafikiri. "Wiki mbili. Sindano kila siku, kidonda kioshwe kila siku, na mguu ukae juu ya mito, hushuki kitandani. Wiki mbili zikipita bila badiliko, utanikubalia?"

Nikasema nitamkubalia. Na ningekubali. Msomaji, mimi ni mkaidi, si mjinga. Nilikuwa nimekwisha kumwambia Yustina nguo ipi ikatwe ifupishwe.

Sindano sikuziogopa. Kilichonishinda ni kulala. Wodi ile ilikuwa na vitanda kumi na sakafu ya saruji, na Bukoba, kando ya ziwa, hunyesha usiku hata kiangazi; kila alfajiri maji yaliyoingia dirishani yamekaa pale chini, na mfagizi alikuwa mmoja kwa wodi nyingi. Nilikuwa nikiyatazama maji yale. Siku ya tatu nikashuka, nikashika tambara, nikayapangusa, nikijivuta kwa makalio. Siku ya nne tena. Wagonjwa wakaniombea baraka. Siku ya tano bandeji ilikuwa nyekundu, na muuguzi hakujua kwa nini.

Yustina alijua. Alikuwa akilala kwenye mkeka chini ya kitanda changu. Siku ya sita nikateremsha mguu, nikakuta amesimama mbele yangu na lile tambara mkononi. Miaka kumi na tisa katika nyumba yangu hakuwahi kunikatalia neno.

"Mama, rudi kitandani."

"Sakafu imelowa."

"Acha ilowe."

"Yustina!"

"Nilikuambia udongo unataka wiki mbili, ukaniambia nikate nyasi. Nikakata. Nikatandika. Kila Jumatatu na Alhamisi nimetembea nyuma yako nikiutazama mguu ule, nikisema moyoni, nyasi zile nilizikata mimi." Sauti yake ilikuwa ile ile ndogo, lakini ilifika hadi kitanda cha mwisho. "Leo sikati nyasi. Leo utalala. Ukishuka tena namwita daktari, na nitamshikia huo mguu akate."

Bibi mmoja wa Nyanga, kitanda cha pili, akasema, "Haya, mkwe wako amezaliwa leo."

Nililala. Nilifunika uso kwa blanketi, si kwa hasira. Nilikuwa ninajisikia fahari, na sikutaka aione ikamharibu. Yule ndiye niliyemlea, nilidhani nimemlea awe mnyonge.

Yustina aliipangusa sakafu yeye, kila alfajiri, nami nikitazama na kunyamaza. Ndiyo dawa iliyokuwa chungu kuliko zote. Siku ya kumi na moja muuguzi alifungua bandeji, akasema, "Bibi, tazama." Sikutaka. "Tazama, waitu." Nikatazama. Ile rangi ya kijivu haikuwapo. Chini palikuwa pekundu, pamelowa kidogo, panang'aa kama kahawa iliyoiva mtini. Daktari alikuja, akapainamia, akachukua karatasi yake iliyosema kukata, akaipasua kati. Alimpa Yustina mkono, akanipita mimi.

Nilikaa hospitali mpaka mvua za vuli. Ngozi ilirudi kutoka pembeni, polepole. Nilirudi nyumbani wakati wa senene, wale panzi tunaowala, watu wa njiani wote wana mifuko wanakimbilia migombani, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunitazama nikichechemea. Nilishukuru.

Mguu wangu leo ni mwembamba kuliko mwenzake, una kovu jeusi linalong'aa, pana kama kiganja, na ukikaribia mvua unaniambia kabla ya mawingu. Goti haliendi mpaka mwisho. Ni mguu wangu.

Nilipofika mlangoni nilisimama. Nyumba ilikuwa tupu. Hapakuwa na unyasi hata mmoja, tangu mlangoni hadi ukuta wa nyuma, sakafu wazi, kama nyumba ya watu waliohama. Nikataka kufoka. Arusi ilikuwa baada ya wiki mbili.

Adelina akasema upesi, "Bibi, usikasirike. Baba alitoa udongo wote ulioharibika. Tulileta wa kichuguu, tukaushindilia, nikaupaka. Nimewasha moto katikati kila siku mwezi mzima. Shangazi Keziya amekataza tusitandike mpaka wewe uukanyage."

"Keziya anakataza nyumbani kwangu?"

"Alisema utasema hivyo."

Nikazunguka nyuma. Mfereji wa mume wangu ulikuwa umefunguliwa, umechongwa wima kama wanavyochimba askari, na mikahawa yangu minne imelala pembeni na mizizi yake juu. Yonathani alikuwa amesimama pale na jembe, anangoja kugombezwa. Nilimwambia, "Ungeuanza hatua mbili juu zaidi." Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu avue lile koti.

Nikarudi ndani, nikavua kiatu cha hospitali, nikaweka mguu wa kushoto sakafuni, ule wenyewe. Nikakanyaga kutoka mlangoni hadi ukutani na kurudi. Hapakubaki alama. Ndipo nikamgeukia Yustina.

"Unasemaje?"

"Umekauka, mama."

"Basi kakate nyasi. Na mimi nipe panga."

Wewe uliyefunika kidonda asubuhi ya leo, kesho nenda. Usingoje mkwe akunuse. Pale utakaa kwenye benchi, utasogea, utafika mlangoni, utaambiwa ufungue, utafungua. Hayo ndiyo yote. Na ukiambiwa ulale, lala, sakafu itapanguswa na mwingine.

Siku ya arusi walikuja wengi kutoka Kamachumu. Nikachukua kikapu cha kahawa ya kutafuna, nikapiga magoti mbele ya mzee wa kwanza, goti la kulia, kisha la kushoto, ambalo liliuma, likagoma, likafika. Na wa pili. Na wa tatu. Hakuna aliyenisaidia, maana niliwakataza. Nilipofika kwa Keziya, alichukua punje yake, akatafuna taratibu, kisha akainuka katikati ya wakwe wote na uzito wake wote, akanigeuzia mgongo, akavuta nguo yake kwa nyuma ili kila mtu aone.

"Kavu," akasema, akakaa tena.